Mkunga wa Kisima cha Adelino

Nasimulia haya nikiwa na hasira, na anayetaka nipoe kwanza atasubiri sana. Nina mgahawa hapa Cascalheira, karibu na mlango wa mto Mondego, pale mkono wa kusini unapopita kando ya majaruba ya mpunga kabla ya kumwagika baharini. Watu wanakuja kwangu kula mikunga, wale samaki warefu wembamba wanaoteleza kama sabuni ya maji. Tangu nianze kupika, mikunga wangu wote nimewapata kwa mtu mmoja, Gracinda. Huyo ndiye nitakayemsema, maana wengine wameshamsema vibaya, wametosheka.

Gracinda ni mfupi, mpana wa mabega, na kucha zake hazijawahi kutakata. Mama yake aliuza mikunga kwa kapu kichwani. Mumewe alikwenda Ufaransa kujenga nyumba za watu, ukuta ukamwangukia, akarudi ndani ya sanduku. Binti yake anasafisha vyumba vya hoteli huko Uswisi, na watoto wake wawili, Telmo na Sílvia, amewaacha kwa bibi yao. Gracinda anawalea kwa mikunga na mkate wa mahindi, na kwa matusi mengi ya mapenzi.

Hatumii ndoana, na wala haijui. Anachimba nyungunyungu, anawatunga kwa sindano ndefu kwenye uzi wa sufu, anauviringa uzi ule mpaka unakuwa donge la ukubwa wa ngumi, kisha analifunga kwenye ufito na kulizamisha kwenye maji ya tope baada ya mvua. Mkunga anakuja, anauma, meno yake madogo yananasa kwenye sufu. Gracinda anainua polepole, na mkono wa pili umeshika mwavuli uliopinduliwa juu chini. Mkunga akifika juu ya mwavuli anaachia mwenyewe, pwata! Ameingia.

"Njoo, mlafi wewe," utamsikia akiwaambia. "Njoo ufe na shibe, kuna wanaokufa na njaa."

Ana kazi yake nyingine isiyo na malipo. Kwetu hapa kila kisima cha nyumba kina mkunga wake. Anakula wadudu na viluwiluwi, na maji yanabaki meupe. Bibi zetu walifanya hivyo na sisi tunafanya hivyo. Mkunga wa kisima anatoka kwa Gracinda, na nyumba ikipata mtoto mchanga hauzwi, anatolewa bure, tena hakatazwi mtu hata kama jana mlitukanana. Kumnyima mzazi mkunga wa kisima ni kama kumnyima jirani moto wa kuwashia jiko. Sasa kosa letu sisi watu wa hapa ni hili: mkunga akifa kisimani, tunasema uzee, au tunasema jicho la jirani. Tunamtoa, tunaweka mwingine, na ndoo tunaishusha palepale.

Adelino ni kaka yake Gracinda, tumbo moja. Yeye ni mwenyekiti wa chama cha wakulima wa mpunga, na ndiye anayeshika ufunguo wa lango la maji. Mpunga ukipigwa dawa ya wadudu, sheria inasema maji yafungiwe majarubani mpaka ukali wa dawa upungue, ndipo lango lifunguliwe yaende mtoni. Mtoto wa shule anaijua sheria hiyo. Mwezi wa sita ule dawa ilipigwa, mara mvua ikanyesha kwa fujo, mpunga ukaanza kuzama. Wakulima wakapiga kelele, na Adelino akafungua. Harufu ya dawa ilikuwa bado inanikereketa kooni pale nilipokuwa nimesimama jikoni kwangu.

Asubuhi yake mto ulikuwa umejaa matumbo meupe. Mikizi walikuwa wanaelea kwa makundi, gayogayo, wale samaki bapa, wamekauka kwenye tope, na mikunga wamejikunja kwenye nyasi wakitafuta pa kutokea. Paka wangu alinusa mmoja akaenda zake. Paka!

Nikadhani Adelino atafunga mdomo kwa aibu. Thubutu! Alikuja mgahawani mchana huo, kofia kisogoni, akaagiza kahawa na kijiglasi cha pombe kali, akasema kwa sauti ya kusikiwa na meza zote:

"Mmeona kazi ya wavuvi wa mikunga? Wamemwaga dawa ya kung'arishia nguo mtoni ili samaki waje juu. Uvivu mbaya sana."

"Wavuvi gani?" nikamuuliza. "Upande huu wa mto anavua mtu mmoja tu, na mtu huyo ni dada yako."

"Mimi sijataja jina, Zulmira. Wewe ndiye umetaja."

Hebu niambieni, mtu wa namna hiyo unamfanya nini? Mimi nilimnyima sukari. Ni kitu kidogo, lakini nilimnyima.

Maneno yakakimbia. Baada ya siku chache tu, Bwana Quaresma, afisa wa leseni za uvuvi, akaja mpaka kwa Gracinda na kuchukua leseni yake. Alisema anaishikilia mpaka ukweli ujulikane, na ukithibitika uovu, inafutwa kabisa. Gracinda bila leseni ni nani? Hana shamba wala pensheni. Ana mto, na ana jina lake kwamba mikunga wake ni wasafi. Vyote viwili viliondoka vikiwa ndani ya mkoba wa Bwana Quaresma.

"Ningekuwa namwaga dawa," alimwambia yule afisa, "ningekaa kwenye mvua kutunga nyungunyungu mmojammoja kama mtu anayetunga shanga? Una akili wewe, baba?"

"Mama, mimi nafuata utaratibu."

"Fuata basi. Ukifika mwisho wake uniite."

Ndipo akaja Iria. Msichana huyu ni mtafiti kutoka chuoni, Coimbra, mwembamba, ana buti za mpira zinazomzidi. Alikuwa anapima sumu za mashambani katika mdomo wa mto kwa kuwapima samaki. Nilimpa supu na nikamuuliza kwa nini asipime maji tu, yamejaa tele.

"Maji yanapita, mama Zulmira," akasema. "Leo yana sumu, kesho yako baharini, mimi nimekuja keshokutwa, nitapata nini? Samaki anabaki. Alichokunywa na alichokula kinakaa kwenye mafuta yake na kwenye ini lake. Nikimpasua, ananiambia alikuwa anaishi wapi na alilishwa nini."

Alimwomba Gracinda amwonyeshe vilindi, na akamtafutia kibali cha kuvulia utafiti tu. Walikwenda pamoja, mimi nikiwafuata kwa udaku. Kwenye kijito cha juu, kinachotoka msituni na hakijafika majarubani, mikunga waliuma sufu na kung'ang'ania mpaka mwavulini. Chini ya lango, waliuma, wakainuliwa kidogo, wakaachia, wakaanguka mtoni. Mmoja, wa pili, wa tatu. Gracinda alikuwa ameshaona hivyo mwaka mzima na alidhani ni sufu mbaya.

"Nimebadilisha sufu mara ngapi mimi!" alisema. "Nimemtukana mwenye duka bure."

"Siyo sufu," Iria akamwambia. "Dawa hizi zinashika mishipa ya fahamu. Mdudu anakakamaa anakufa, na samaki naye taya linakosa nguvu. Hebu nipe hao wanaoanguka, tuwakinge kwa wavu."

Akawapima, pamoja na mikizi na gayogayo. Majibu yalirudi yakisema bila kuficha: samaki wa chini ya lango wamejaa dawa ya mpunga, wa juu hawana. Dawa ya nguo haikuonekana popote. Nilimkumbatia yule msichana nikammwagia supu nguoni.

Katikati ya mambo hayo, Idalina, mkwe wa Adelino, mke wa mwanawe, akaja kwa Gracinda. Alikuwa na mtoto mgongoni, hata miezi mitatu hajafika. Nilikuwa nimekaa pale pale mlangoni nikimenya maharage.

"Shangazi," akasema, anaangalia chini, "mkunga wetu wa kisimani amekufa. Baba mkwe amesema nije nikuombe mwingine."

"Adelino ndiye aliyekutuma kwangu?" Gracinda akacheka kwa hasira. "Mmwaga sumu mimi? Haogopi mkunga wangu atamtilia sumu?"

"Ni kwa ajili ya mtoto, shangazi."

Nikamkonyeza Gracinda: usitoe. Yeye akanikazia macho. Akavaa buti, akaenda kijito cha juu ambako anaweka mikunga wake hai kwenye sanduku la mbao lenye matundu, akachagua aliyenona kuliko wote. Akamtia kwenye ndoo, akamfunika kwa kitambaa kibichi.

"Mpe baba mkwe wako salamu," akamwambia. "Mwambie ugomvi wetu ni wa watu wazima. Mtoto hana deni."

Idalina alipokwenda nilimwambia shoga yangu kwamba ni mjinga. Akaniambia desturi ni desturi. Nami nisingeweza kubisha; mwanangu alipozaliwa, mkunga wa kisima changu alitoka kwenye mikono ileile.

Wiki haikuisha, mkutano ukaitishwa kwenye ukumbi wa chama. Bwana Quaresma alikuwa mezani, wakulima wamejaa viti vya mbele, mikono kifuani. Iria akasoma majibu yake. Kabla hajakaa, Adelino akasimama, mpole kama padri.

"Tunamshukuru binti yetu msomi," akasema. "Lakini samaki wa mtoni anatembea. Anakula kwetu, anakula baharini, anakula mtaroni kwa mtu. Tutajuaje alikopata ugonjwa? Mimi nasema tumpime samaki asiyetembea. Kisima changu kiko mita chache kutoka mtaro wa majaruba. Mkunga wangu yumo humo miaka mitatu, haendi popote. Kama dawa yetu inaenea, si atakuwa ameshaoza? Njooni mumchukue."

Watu wakapiga makofi. Bwana Quaresma akatikisa kichwa kukubali, na hata Iria akasema hoja ya samaki asiyetembea ni nzuri. Gracinda alikuwa ameinuka kitambo.

"Mwongo!" akapiga kelele. "Mkunga huyo nimempa mkwe wako juzi! Ametoka kijito cha juu, hajamaliza hata kukizoea kisima chako!"

"Dada yangu," Adelino akasema, "una shahidi?"

"Mimi hapa!" nikasema. "Nilikuwa namenya maharage!"

Ukumbi ukacheka. Mmoja akasema Zulmira atashuhudia lolote ili mradi mikunga wafike sufuriani. Iria akaomba kisima chenyewe kipimwe, pamoja na tope lake, na akaeleza kwamba samaki aliyekaa siku chache hana la kusimulia. Wakamjibu kwamba kilichokubaliwa ni mkunga, basi ni mkunga. Idalina hakuwapo. Mumewe alisema amebaki na mtoto mwenye homa kidogo.

Adelino alipompita Gracinda mlangoni alimnong'oneza, nami nikasikia: "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Endelea kurukaruka."

Wakamtoa mkunga, wakampeleka kwenye maabara ya serikali. Alikuwa safi, na angekosaje kuwa safi? Alilelewa na Gracinda kwenye maji ya msitu, akashibishwa na Gracinda, akachaguliwa kwa ajili ya mtoto mchanga. Wema wa Gracinda mwenyewe ukaandikwa kuwa ushahidi dhidi yake. Nilipopata habari nilivunja sahani, na siyo kwa bahati mbaya.

Mkutano wa mwisho ulikuwa Jumapili baada ya misa. Gracinda alivaa gauni la mazishi ya mumewe. Hana jingine zuri. Aliwaacha Telmo na Sílvia nyumbani wakicheza. Bwana Quaresma akasoma kwamba mkunga wa kisima cha mwenyekiti hana hata chembe ya dawa, kwamba kwa hiyo maji ya majaruba hayawezi kusemwa ndiyo yaliyoua samaki, na kwamba leseni ya Gracinda…

"Mkunga yule alilala kwetu siku tano."

Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa Idalina, mtoto kifuani, nywele hazijachanwa. Amekuja kwa miguu, peke yake.

"Idalina, nenda nyumbani," mumewe akasema.

"Nimetoka huko. Mkunga wetu wa miaka mitatu alikufa wiki ile lango lilipofunguliwa. Nimemzika mimi kwenye bustani, chini ya nyanya, mwende mkamchimbue. Mliyempima ametoka kwa shangazi, na nilitumwa na baba mkwe nikamwombe kwa jina la mtoto wangu. Sikujua wa nini. Ningejua, ningejikata miguu."

Wale wenye mikono kifuani wakaishusha. Adelino akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mwanamke ametoka kujifungua," akasema. "Usingizi hapati. Msimsikilize."

"Usingizi sipati kweli," Idalina akamjibu. "Basi sema wewe unayelala. Waambie kwa nini tangu Pasaka hatunywi maji ya kisima kile. Waambie nani analeta maji ya chupa kwenye gari kutoka mjini, yamefunikwa turubai. Ulisema hata kumwogesha mtoto nisimwogeshe nayo. Ulisema nimwagilie nyanya tu, tena zile za kuuza."

Za kuuza! Mimi nilikuwa nimezinunua nyanya zile. Nilitaka kusema neno, lakini nikamtazama Gracinda. Hakuwa anamwangalia Bwana Quaresma, wala Idalina. Alikuwa anamwangalia kaka yake, na uso wote umemwisha damu.

"Tangu Pasaka," akasema.

Adelino akautazama mlango.

"Adelino, tangu Pasaka ulijua? Kabla ya lango?"

"Nilihisi tu. Mkunga alikuwa mlegevu. Nikapeleka maji yakapimwe, kimya kimya, kwa…"

"Kisima changu kiko ng'ambo ya mtaro huohuo. Sisi tunakunywa maji yale. Watoto wanakunywa. Na wangu pia alikufa, ukanisikia nikisema uzee, ukanyamaza. Ulikuwa unapita mlangoni kwangu na chupa kwenye gari, unapiga honi, watoto wanakupungia mkono, wanakuita babu!"

"Ningekwambia," Adelino akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "ungekwenda kumwambia yule msichana wa chuo."

"Ndiyo," Gracinda akasema. "Ningekwenda."

Akageuka akatoka. Bwana Quaresma alikuwa anamwita kwa nyuma, karatasi mkononi: "Mama, leseni yako! Mama Gracinda, hakuna tena shauri, ni yako, subiri uichukue!" Jambo alilolililia miezi yote ile lilikuwa linamkimbiza barabarani, naye hakugeuza hata shingo. Nyuma yangu ukumbi ulikuwa umeshawaka moto. Wakulima wenye visima kando ya mtaro walikuwa wamemzunguka mwenyekiti wao, kila mmoja anauliza kisima chake je. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sikukaa kusikiliza. Nikaichukua ile leseni mimi, nikamkimbilia Gracinda na miguu yangu hii mibovu.

Alikuwa anakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia tangu tukiwa wasichana. Alipofika uani kwake, Sílvia alikuwa amesimama kando ya kisima na ndoo imeshapanda, kikombe cha bati kiko mdomoni, jasho la mchezo limemlowesha nywele. Gracinda alimrukia. Alimpiga mkono kwa nguvu, kikombe kikaruka, maji yakammwagikia mtoto kifuani.

Gracinda hajawahi kuwapiga watoto wale. Anawatukana, anawabusu, lakini kupiga hapana. Sílvia aliushika mkono wake uliopigwa, akamtazama.

"Bibi, nimefanya nini?"

 Gracinda akakaa chini kwenye tope na gauni lake la msiba, akamvuta mtoto, akaanza kumfuta midomo kwa kiganja, akifuta, akifuta, kama maji yale yangeweza bado kutoka. Mimi ndiye niliyemjibu Sílvia, nikamwambia hajafanya kitu.